Mashine ya Vestri na Daftari la Fundi



Kamati ya Yubilei ilipogawa kazi za kijitabu hiki, wenzetu walipewa historia ya walimu wa kwaya, wengine safari zetu, wengine sare. Sisi watatu tulipewa "mambo ya kurekodi". Tuliona ni kazi ya nusu ukurasa: kwaya ilirekodi kwa tepu, ikatoa kaseti, zikaja sidii, sasa nyimbo ziko kwenye simu za vijana, amina. Kisha tukafungua lile kabati la chini kwenye vestri, ambalo mlango wake hufungwa kwa kipande cha waya. Tulitoa mashine iliyofunikwa kwa vitambaa vya sare ya kwanza, katoni mbili za tepu, na daftari moja lenye jalada la buluu. Katoni moja ilikuwa imeandikwa NZURI. Ya pili iliandikwa MBOVU, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Habari yetu inahusu katoni hiyo nzito. Lakini haitaeleweka bila kueleza kwanza mashine ya tepu ni kitu gani na hudai kazi gani kila wiki, kwa hiyo mtuvumilie kidogo, hasa ninyi wa sauti ya kwanza ambao hamjawahi kupenda maelezo marefu.

Tepu ya kurekodi ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoshika kutu, ukagandishwa kwa gundi. Sisi wa Voi hatuhitaji kwenda maabara kuuona. Wekundu wa vumbi linaloingia kanisani kila kiangazi unatokana na jamaa ya kitu hicho hicho. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme ukapita kwenye kichwa kidogo cha sumaku, na tepu inapopita mbele ya kichwa hicho chembe za unga hupangika kwa kufuata sauti. Ukitaka kusikia, unaipitisha tena mbele ya kichwa cha kusoma.

Aliyepata hataza ya ukanda wa namna hiyo, mwaka wa 1928, ni Mjerumani Fritz Pfleumer. Kabla ya hapo alikuwa amebuni njia ya kupaka mistari ya rangi ya dhahabu kwenye karatasi za sigara, nasi tukasema hata sigara ilipata siku moja ya kulitumikia kanisa. Kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake, Magnetophon, mjini Berlin mwaka wa 1935, na tepu zilitengenezwa na BASF. Novemba 1936, huko Ludwigshafen, okestra ya London Philharmonic chini ya Thomas Beecham ilirekodiwa kwa tepu. Baada ya Vita vya Pili, Mmarekani Jack Mullin alipeleka mashine mbili za Kijerumani kwao, na mwaka wa 1947 mwimbaji Bing Crosby akaanza kutumia tepu kwa kipindi chake cha redio. Kaseti ndogo, ile tuliyoijua wote, ilitolewa na Philips mwaka wa 1963.

Makanisa yaliiona faida mapema. Kati ya 1963 na 1977, Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa ilirusha vipindi vilivyotayarishwa kwenye studio za nchi mbalimbali na kupelekwa huko kwa tepu. Vya Kiswahili vilitoka Moshi, mji ambao siku hizo ulikuwa umeunganishwa na Voi yetu kwa reli kupitia Taveta. Wazee wetu waliokuwa na redio wanasema hapo ndipo walipopata hamu: kama kwaya za upande wa pili wa mlima zinasikika, kwa nini sisi tusisikike?

Mashine yetu ni Revox A77, kazi ya Willi Studer wa Uswisi, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1967. Iliachwa hapa katika miaka ya sabini na familia ya wamishonari waliokuwa wakirudi kwao. Ina uzito wa kilo 15 hivi, na waliowahi kuibeba kutoka vestri hadi ukumbini wanasema ni zaidi. Ina mota tatu, mbili za rili na moja ya kuvuta tepu, na vichwa vitatu: cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma. Mwendo wa mota ya kuvuta unasimamiwa kwa elektroniki, na hilo lilitusaidia sana. Mashine nyingi za wakati ule zilifuata mzunguko wa umeme, na ukiziunganisha kwenye jenereta inayokimbia kupita kiasi, siku ya kusikiliza kwa stima ya kawaida kwaya nzima inashuka, watu wa sauti ya kwanza wanakuwa besi. Yetu haikutuaibisha hivyo. Rili ya sentimita 18 yenye mita 366 za tepu, ikienda sentimita 19 kwa sekunde, huchukua dakika 32. Ndiyo maana nyimbo nyingi za siku hizo hazina beti zote. Mwalimu alikuwa akitazama rili huku akiongoza.

Aliyekabidhiwa mashine alikuwa mwanakwaya wa sauti ya nne, mfanyakazi wa reli aliyeshughulikia simu na ishara za treni pale stesheni. Kwaya nzima ilimwita Fundi, na hata mchungaji alimwita hivyo kwenye matangazo. Hakuwahi kuimba peke yake. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mtu wa maneno machache, na daftari lake linathibitisha. Kila Jumamosi kuna mstari mmoja, kwa mfano: "Vichwa, njia, rola. Pamba 4." Juma linalofuata: "Vichwa, njia, rola. Pamba 3. Vumbi." Tuligeuza kurasa nyingi kabla ya mmoja wetu kuelewa hesabu ya pamba.

Ni hivi. Tepu inapopita huacha unga wake kidogo kila mahali inapogusa: kwenye vichwa, kwenye vijiti vya kuiongoza, kwenye kijiti cha chuma kinachozunguka na rola ya mpira inayoibana hapo. Unga huo ukirundikana kwenye kichwa, tepu haigusani nacho vizuri, na sauti nyembamba ndizo za kwanza kupotea. Dawa yake ni spiriti safi na pamba. Unasugua taratibu, unatupa pamba, unachukua nyingine, mpaka itoke nyeupe. Fundi alikuwa akihesabu pamba zilizotoka na rangi ya kahawia. Pamba 3 ni wiki ya kawaida. Pamba 7, kama ilivyoandikwa mara moja baada ya mkutano wa injili wa nje, maana yake mashine ilikula vumbi la Voi siku tatu mfululizo. Rola ya mpira aliisafisha kwa maji na sabuni kidogo, akaikausha, kwa sababu spiriti ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira ukawa mgumu na kuanza kuteleza. Rola ikiteleza, mwendo unayumba, na noti ndefu ya mwisho inatetemeka kama mtu anayeimba ndani ya matatu kwenye barabara mbovu.

Kila baada ya juma kadhaa kuna mstari mwingine: "Sumaku imetolewa." Kazi hii wazee wetu wanaikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa kama ibada yenyewe. Vyuma ambavyo tepu hupitia hushika sumaku kidogo kidogo. Kichwa chenye sumaku huongeza mvumo kwenye tepu na kufuta sauti nyembamba, kidogo kila inapopita, na kilichofutwa hakirudi. Kuna kifaa cha kuondoa sumaku hiyo, kama chuma cha kulehemia, kinachounguruma kikiwashwa. Fundi aliizima mashine, akavua saa yake, akaamuru tepu zote zipelekwe mwisho wa kanisa na watoto watoke. Alikiwasha kifaa kikiwa mbali, umbali wa mkono mzima, akakisogeza polepole, akakipitisha kwenye kila chuma bila kukwaruza, kisha akakirudisha nyuma polepole vilevile kabla ya kukizima. Ukikizima kikiwa karibu, unaacha kichwa na sumaku kubwa kuliko ile uliyoikuta. Mama mmoja wa sauti ya pili alituambia, "Sisi tulidhani anaombea mashine."

Kazi ya tatu ndiyo msingi wa habari yetu. Ndani ya kichwa kuna ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na ufa huo lazima usimame wima kabisa kwa mwendo wa tepu. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kuurekebisha. Kiasi cha usahihi kinachotakiwa kinashangaza. Sauti ya mizunguko 10,000 kwa sekunde, yaani eneo la herufi S na ule mchakacho wa kayamba, kwenye tepu inayokwenda sentimita 19 kwa sekunde wimbi lake moja lina urefu usiofika sehemu 1 ya 50 ya milimita. Kichwa kikiinama kidogo tu, sehemu ya juu ya ufa inasoma wimbi moja na ya chini inasoma jingine, yanagongana, yanafutana. Sauti nene hazidhuriki. Unabaki na kwaya inayoimba nyuma ya blanketi. Kwa marekebisho haya kuna tepu maalumu ya kipimo yenye milio iliyorekodiwa kwa pembe sahihi. Yetu ilifungwa kwenye kikopo cha biskuti, na juu ya kikopo Fundi aliandika kwamba isichezwe kamwe kabla ya kutoa sumaku. Alikuwa sahihi. Kichwa chenye sumaku kingeharibu kipimo chenyewe, na baada ya hapo ungepima kwa rula iliyokatwa.

Tuongeze jambo moja dogo, kwa kuwa limewahi kuleta maneno. Baadhi yenu mnakumbuka kwamba kwenye rili za zamani kwaya husikika kwa mbali sana, sekunde moja hivi kabla ya kuanza kuimba. Kuna waliosema ni malaika. Ni tepu iliyokaa imeviringwa miaka mingi, na sumaku ya duara moja ikajichapa kwenye duara la jirani. Ndiyo sababu Fundi alihifadhi rili zake zikiwa zimeishia mwisho wa wimbo bila kuzirudisha mwanzo. Kwa namna hiyo mwangwi mkubwa huangukia baada ya sauti, ambako wimbo wenyewe unaufunika. Vijana waliokuja baadaye walidhani ni uvivu, wakazirudisha zote.

Daftari linakoma ghafla. Mstari wa mwisho wa mwandiko wake ni wa kawaida kabisa, vichwa, njia, rola, pamba 3. Juma lililofuata alihamishwa kikazi kwenda magharibi mwa nchi, na kwaya ikamfanyia sherehe ya kumuaga kwa chai na mandazi. Tumetafuta kumbukumbu zote za vikao vya mwaka ule, na hatukuona popote palipoandikwa nani anapokea mashine. Saa ya ukutani tuliyompa imeandikwa, pamoja na bei yake.

Tuseme ukweli, maana yubilei isiyosema ukweli ni karamu tu. Kwa miaka zaidi ya miwili hakuna aliyeisafisha mashine. Ilitumiwa, na ilitumiwa sana, kwa sababu ndiyo miaka ambayo kwaya ilikuwa na nguvu kuliko zote, na Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa akitunga karibu kila mwezi. Rili ya Krismasi, ile iliyopendwa mno, ilichezwa kila sikukuu, kila arusi, kila mgeni alipokuja. Ikapitishwa mbele ya vichwa vilivyojaa unga na sumaku mara zisizohesabika. Leo ukiisikiliza utasikia besi na ngoma, na juu yao mvumo kama wa mvua kwenye mabati. Kayamba halipo kabisa. Tumejaribu kila njia. Rili hiyo tuliipenda tukaimaliza wenyewe.

Mashine ilipoanza kuvuta tepu kwa kusuasua, ilipelekwa kwa fundi wa redio mjini. Hatumtaji, na hatumlaumu kupita kiasi, kwa kuwa alichokijua vizuri kilikuwa redio za transista. Aliipaka mafuta mpaka kwenye rola ya mpira. Kisha, tunavyoamini sasa, aliona zile skrubu za vichwa hazikukazwa hadi mwisho, akazikaza. Zote, za kurekodi na za kusoma. Mashine iliporudi ilisikika safi, kila mtu akafurahi, naye akalipwa.

Hapo ndipo penye mtego. Mashine iliyoinamisha kichwa cha kurekodi na cha kusoma kwa pembe moja hujisikiliza vizuri tu, kama mtu anayeimba nje ya sauti pamoja na ndugu yake aliyemfundisha. Kosa linaonekana tepu inapochezwa kwenye mashine nyingine. Kwaya ilipeleka rili mbili kwenye studio moja kwa matumaini ya kutolewa kaseti, zikarudishwa na barua fupi kwamba sauti ina ukungu, matamshi hayasikiki. Mwalimu aliumia. Wanakwaya wa siku hizo wanasema aliamini tatizo ni matamshi yetu, akatuweka mwezi mzima kwenye mazoezi ya herufi S na SH, jioni baada ya jioni, watu wanapuliza kama nyoka. Hakujua. Sisi pia hatukujua, mpaka mwaka huu.

Miaka ikapita, Mwalimu akatutoka. Baadaye ndugu mmoja aliyekuwa amesomea elektroniki alijitolea kuitengeneza mashine, akabadilisha rola, akatoa sumaku, akafungua kikopo cha biskuti na kurudisha vichwa kwenye pembe sahihi. Alifanya kazi njema. Lakini tangu siku hiyo rili zote za ile miaka ya katikati zilianza kusikika kwa ukungu hata kwenye mashine yetu wenyewe. Watu wakahitimisha kwamba tepu zimeharibika kwa joto la Voi. Ndipo mtu alipochukua kalamu nene na kuandika MBOVU.

Katika katoni hiyo kuna rili 23. Kati yake zimo zote ambazo Mwalimu alirekodi katika miaka yake miwili ya mwisho.

Tuliishi na daftari hilo kwa juma zima bila kuelewa tulichoshika. Tuliyemwendea hatimaye ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya utangazaji kwa miaka mingi, enzi ambazo redio ya taifa iliitwa Sauti ya Kenya na baada yake. Alikuja Jumamosi, akanywa chai, akasoma daftari kimya kuanzia mwanzo. Alisafisha vichwa kwanza kabla ya kugusa tepu yoyote (pamba 9, tumeandika). Akatoa sumaku, naye pia alivua saa. Kisha akaweka rili moja ya MBOVU, akasikiliza dakika moja, akasema, "Hii haijafa. Imeinama."

Akachukua bisibisi ndogo, akaweka alama ya penseli mahali skrubu ya kichwa cha kusoma ilipokuwa, ili airudishe baadaye, na huku tepu ikicheza akaanza kuizungusha, kidogo, chini ya robo mzunguko. Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Halafu blanketi likaondoka. Hatuna namna nyingine ya kulieleza. Kayamba likaingia, halafu pumzi za watu kabla ya ubeti, halafu herufi S, moja moja, kali, safi, za watu waliofanya mazoezi ya mwezi mzima kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Kila rili tuliirekebishia pembe yake, kwa sikio, kwa kuwa hazikuinama sawa. Baada ya hapo tuliihamishia kwenye kompyuta mara moja, papo hapo, bila kuichezacheza. Kwa jumla tumepata rili 14 kamili. Kwenye ya saba, kabla ya wimbo kuanza, mashine ilikuwa imeshawashwa na Mwalimu hakuwa ameona. Anasikika akisema na sauti ya tatu kwamba wasivute mwisho wa mstari, wamsubiri. Anakohoa. Anahesabu. Waliojiunga na kwaya baada yake hawakuwahi kusikia sauti yake akiongea.

Tulimwalika mkewe, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Kwaya, na ambaye sasa huja kanisani kwa mkongojo. Tulimkalisha kwenye kiti cha mchungaji, tukamvalisha visikizi. Alisikiliza mara mbili. Sisi tulikuwa tumesimama tukingoja, kila mtu amejiandaa kwa machozi. Akavua visikizi, akasema, "Siku hiyo alikuwa na mafua. Nilimwambia asiende." Kisha akaomba asikie tena.

Zimebaki rili 9 za katoni hiyo, na hali yake ni tofauti. Tulijaribu moja, ikapiga kelele kama breki za lori na kuacha utando wa gundi kwenye vichwa. Tulisimamisha hapo hapo. Ugonjwa huu unajulikana. Baadhi ya tepu zilizotengenezwa miaka ya sabini na themanini zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa mpaka ikalegea na kunata. Tepu za aina hiyo zinaweza kukaushwa kwa joto dogo, nyuzi 54 hivi, kwa saa nyingi, zikachezeka kwa muda wa kutosha kuzihamisha. Si kazi ya jiko la nyumbani, na si kila tepu huvumilia. Zile za zamani zaidi za asetati huharibika kabisa zikipashwa joto. Kwa hiyo tumezifunga kwenye mifuko pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na kamati imekubali kutafuta mtu mwenye kifaa kinachofaa. Tunawasihi ndugu zetu wenye nia njema wasijitolee kwa oveni zao.

Fundi tulimtafuta. Familia yake ilitujibu kwamba alilala miaka kadhaa iliyopita, na kwamba ile saa ya ukutani bado iko sebuleni. Tumewatumia nakala ya ukurasa mmoja wa daftari na nyimbo tatu ambazo ndani yake sauti ya nne inasikika vizuri.

Daftari limefunguliwa upya. Dada mmoja wa sauti ya pili, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, amekabidhiwa mashine kwa maandishi, mbele ya kikao, na msaidizi wake ametajwa. Anayetaka kuona kazi hiyo aje vestri Jumamosi baada ya mazoezi, bila saa ya mkononi.

Jambo la mwisho ni ombi. Tunajua nyumbani kwenu mna kaseti za kwaya. Kabla ya kuziweka kwenye redio yoyote, tazameni mgongo wa kaseti. Kama vile vijiti viwili vidogo vya plastiki bado vipo, vivunjeni, ili mtoto asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Msizirudishe mwanzo kwa nguvu, msiziache kwenye gari juani, wala juu ya spika, maana ndani ya spika kuna sumaku. Zileteni kama zilivyo, hata zilizokatika, hata zilizoungwa kwa selotepu. Andikeni jina lenu kwenye bahasha, na mwaka kama mnaukumbuka. Tunatafuta hasa kaseti yoyote iliyonakiliwa kutoka kwenye rili ya Krismasi siku ilipokuwa bado mpya. Kama ipo hata moja, kwenye sanduku la mtu, kayamba limo ndani yake.